Umeinua Chuma Vizuri, Utakitua Vipi?

NDUGU msomaji, ukipita jioni karibu na chumba cha mazoezi hapa kisiwani Mombasa, iwe Makupa, Majengo au ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale, utasikia mguno wa kijana anayeinua chuma, kisha kishindo cha chuma hicho kikigonga sakafu. Wenzake humsifu kwa kuinua. Namna alivyokirudisha chini hakuna anayeiangalia, na hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo.

Kwa miaka kadhaa sasa nimejizoeza kumwuliza kila mgonjwa anayeingia akiwa ameshika kiuno: "Ulikuwa ukiinua au ukitua?" Sisemi kwamba kuinua hakuumizi mtu. Kunaumiza, tena sana. Lakini ni wengi mno wanaofikiri kidogo kisha wakajibu, "Kuinua niliinua vizuri, dokta. Ni pale nilipokuwa nakiweka chini." Juzi alinijibu hivyo kijana wa miaka 24, karani, mwenye mwili wa kupendeza kabisa. Alikuwa amevuta kilo 120 mara tano. Baada ya ile mara ya tano wenzake wakashangilia, naye akageuza uso kuwatazama huku akiinama kuweka chuma chini, akazunguka kidogo ili asimkanyage mwenzake mguu. Hapo ndipo aliposikia kitu "kimekatika" kiunoni. Aliletwa kwangu akitembea kama mzee wa miaka 90.

Zoezi lenyewe wengi mnalijua. Vijana huliita dedilifti: chuma kimelala sakafuni, unakishika kwa mikono miwili, unasimama nacho hadi kifike mapajani, kisha unakirudisha kilikotoka. Ni zoezi zuri, wala mimi si katika madaktari wanaolikataza. Hakuna zoezi linalofanana zaidi na kazi za kila siku za mji huu. Mama anayeinua mitungi miwili ya maji ya lita 20 kutoka kwenye mkokoteni mlangoni pake anafanya dedilifti ya kilo 40, na pengine hajawahi kuingia jimu hata siku moja. Hamali wa Marikiti hulifanya mara mia kwa siku.

Lugha yetu ililijua jambo hili kabla ya madaktari. Kiswahili kina neno la kujitwika mzigo na kina neno la kuutua, kila tendo na jina lake. Wakubwa zetu walipokuwa wakibeba kichwani, mtu akifika mlangoni alisema, "Nitueni jamani," na aliyekuwa karibu aliinuka akamtua. Lilikuwa jambo la adabu, lakini lilikuwa pia jambo la afya. Mtu aliyefika safari amechoka, na aliyechoka hastahili kuachwa atue peke yake. Hata rubani anayeteremka na ndege pale Port Reitz tunasema anatua, na hakuna abiria anayempongeza kabla magurudumu hayajagusa ardhi.

Sasa tuingie katika mwili wenyewe. Unapoinua chuma, misuli ya makalio, ya nyuma ya mapaja na ya mgongo hujikunja kwa kufupika. Unapokitua, misuli hiyo hiyo hufanya kazi huku ikirefuka, kama breki ya gari linaloteremka mlima. Jambo la ajabu ni kwamba misuli inayorefuka ina nguvu zaidi kuliko inayofupika, na hutumia hewa kidogo zaidi. Mwaka 1952 wataalamu watatu wa Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie, walifunga baiskeli mbili kwa mnyororo mmoja zikiwa zimepeana migongo. Mmoja alipiga pedali kwenda mbele, mwingine akazizuia. Walipoonyesha jambo hilo hadharani jijini London, mwanamke mwenye umbo dogo alimchosha kijana wa kiume mwenye mwili mkubwa, kwa kuwa yeye alikuwa upande wa kuzuia.

Ndiyo maana kutua hukuhadaa. Hukuhisi kuwa ni kazi. Hupumui kwa nguvu, kwa hivyo unadhani umeshamaliza. Lakini uzito ni ule ule, na nyuzi za misuli zikivutwa huku zimekaza ndipo hupata michubuko midogo midogo inayoleta yale maumivu ya siku ya pili na ya tatu. Maumivu hayo hayana hatari, yataondoka yenyewe. Hatari ni kwamba mtu hulegeza tahadhari wakati mzigo haujalegea.

Kuhusu mgongo, kuna kipimo kimoja ninachopenda kuwasimulia wagonjwa wangu. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani, wakiongozwa na Wilke, walimtia mtu mmoja wa kujitolea kipimo ndani ya kile kisahani laini kilicho kati ya pingili za kiuno, wakapima mgandamizo wake siku nzima. Akiushika mzigo wa kilo 20 karibu na mwili, mgandamizo ulikuwa kama mara mbili ya ule wa kusimama wima bila kitu. Akiuinua kwa kukunja magoti, ulizidi mara tatu. Akiuinua kwa mgongo uliopinda na miguu iliyonyooka, ulizidi mara nne. Ni mtu mmoja tu, lakini vipimo vya Mswidi Nachemson vya miaka ya 1960 vilikuwa vimeshaelekeza huko huko. Mzigo wa kilo 20 ulio mbali na mwili si tena mzigo wa kilo 20.

Hapo ndipo kosa kubwa la kutua linapoingia. Mtu huanza kuteremka kwa kukunja magoti. Magoti yakitokea mbele, yanaziba njia ya chuma. Chuma hakina budi kuyazunguka, kinasogea mbele mbali na mwili, mabega yanakifuata, na mgongo unapinda bila mwenyewe kutaka. Fanya kinyume chake. Ukiwa umesimama wima, vuta pumzi ijae tumboni, kaza tumbo kama mtu anayetarajia ngumi, kisha sukuma makalio nyuma kwanza, kana kwamba kuna baraza nyuma yako iliyo mbali kidogo nawe unataka kuifikia ukae. Magoti yalegeze kidogo tu. Chuma kiteremke kikigusa mapaja, kiikwaruze suruali. Kikishapita magoti, hapo sasa kunja magoti, nacho kitashuka karibu na miundi hadi sakafuni, juu ya katikati ya nyayo. Usikiachie mpaka sakafu ikishike. Kisha pumua na ujipange upya kabla ya mara nyingine. Mwendo wenyewe ni wa sekunde moja au mbili. Hao wanaoteremsha chuma kizito kwa kuhesabu hadi kumi wanajichosha bure.

Macho yako yaangalie sakafu hatua chache mbele. Usitazame kioo wala mashabiki wako. Na usigeuke ukiwa na mzigo mkononi. Ukitaka kubadili upande, sogeza miguu.

Kuna jambo jingine la vyumba vyetu vya mitaani ambalo vitabu vya nje haviligusi. Magurudumu rasmi ya chuma yana kipenyo cha sentimita 45, kwa hivyo chuma hukaa kama sentimita 22 kutoka chini. Vijana wetu wasio na pesa za magurudumu hayo humimina saruji kwenye makopo na kuyaunga kwa bomba, na ninawasifu kwa ubunifu huo. Lakini kopo ni dogo, na bomba hukaa chini mno, pengine upana wa kiganja tu kutoka ardhini. Ili kulifikia, mtu analazimika kuinama kupita kiasi, tena katika ile sehemu ya mwisho ambapo amechoka. Dawa yake haigharimu kitu. Weka matofali mawili mapana au mbao nene kila upande, utue juu yake, bora zisiteleze.

Msomaji mwingine ataniuliza, kwa nini basi nisikiachie chuma kianguke chenyewe, niyaepuke haya yote? Kama una sakafu ya zege yenye mpira mzito na magurudumu ya mpira, na hakuna mtu karibu, unaweza. Lakini wengi wetu hatuna sakafu ya namna hiyo. Nyumba za Mji wa Kale zina dari za boriti za mikoko zilizobebeshwa mawe ya matumbawe na chokaa. Najua zaidi ya ghorofa moja ambako vijana hupiga chuma juu huku bibi wa watu anaswali chini. Ukiachia kilo 100 hapo, hutajeruhi mgongo wako tu.

Aidha, ukiwa na nia ya kushindana, jua kwamba sheria za kimataifa za mchezo wa kunyanyua uzito wa aina hii haziuhesabu mvuto ambao mshindani alikiachia chuma. Humngoja mwamuzi atoe ishara ya kuteremsha, kisha hukirudisha jukwaani akikidhibiti kwa mikono yote miwili. Asipofanya hivyo, hata kama aliinua uzito wa kuvunja rekodi, hana kitu. Mimi naona kanuni hiyo ingebandikwa ukutani katika kila chumba cha mazoezi hapa mjini. Mwalimu asimhesabie kijana mara ambayo hakuitua. Na mgeni anayeanza afundishwe kutua kwa chuma kitupu cha kilo 20 kabla ya kuongezewa hata kilo moja. Nimewahi kulisema hili kwa mwenye chumba kimoja cha mazoezi, akacheka, akaniambia wateja hulipa ili wainue. Sawa, lakini wakiumia hawalipi tena.

Isipokuwa jambo moja. Chuma kikikuponyoka, kiache. Fungua mikono yote miwili kwa pamoja, rudi nyuma, kianguke. Nimeona vidole vilivyopondwa na mgongo uliochanika kwa sababu mtu alijaribu kukidaka chuma kilichokwisha kumshinda. Hapa kwetu, hasa mwezi wa Machi joto na unyevu vinapozidi, mikono huteleza kwa jasho. Kitambaa kikavu na chaki kidogo ya kujipaka vitakusaidia kuliko kukaza meno.

Wako wanaoshika chuma kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma, ili kisiteleze. Ni mbinu halali, lakini mkono ule unaotazama mbele uwe umenyooka kabisa, hasa wakati wa kutua. Kiwiko kikiwa kimekunjwa, kano inayounga msuli wa mbele ya mkono inaweza kukatika. Huwapata zaidi wanaume wa umri wangu, wenye miaka 40 na kitu, na wavutaji sigara zaidi.

Wenye presha nao wasikilize. Kubana pumzi huku unasukuma uzito mkubwa hupandisha shinikizo la damu kwa kiwango cha kutisha. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliingiza kipimo ndani ya mshipa wa vijana wenye afya waliokuwa wakisukuma uzito kwa miguu, wakapata wastani wa 320 kwa 250. Na mara tu mzigo unapotua, shinikizo hushuka ghafla, ndipo mtu huona kizunguzungu akiinuka. Ikiwa unatumia dawa za presha, au una ngiri ambayo hujaitibu, usicheze na uzito wa mwisho wa nguvu zako. Chukua chuma chepesi, toa pumzi taratibu unapopita magoti, na ukishatua kaa kidogo kabla ya kusimama.

Haya yote nimeyaandika kwa ajili ya mtu anayechagua uzito wake. Je, yule asiyechagua?

Nenda Marikiti asubuhi, au uvuke Daraja la Nyali hadi Kongowea, uangalie magari yakipakuliwa. Gunia la mahindi la kawaida nchini mwetu ni kilo 90. Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1967 yanasema kwamba mahali ambapo mwanamume mmoja hubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza uzito huo. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, katika miaka ya 1990 iliweka kilo 23 kuwa kikomo, tena hali zote zikiwa nzuri, mzigo ukiwa karibu na mwili na kimo cha kiuno. Hamali wetu hubeba karibu mara nne ya hizo, amevaa kandambili, kwenye njia iliyolowa maji ya samaki.

Miaka ya nyuma nilikuwa nikiwafundisha mahamali wanaokuja kwangu namna ya kukunja magoti. Nimeacha kujidanganya. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa wafanyakazi zimeonyesha kuwa mafunzo ya kubeba peke yake hayapunguzi maumivu ya mgongo, na sababu yake si ngumu kuielewa. Hakuna namna njema ya kutua kilo 90 peke yako mara mia kwa siku. Kinachopaswa kubadilika ni gunia. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilishaamuru kwamba mfuko wa viazi usizidi kilo 50, baada ya wakulima kupunjwa kwa miaka mingi kwa magunia yaliyoongezwa vilemba. Lengo lilikuwa pesa za mkulima, lakini mgongo wa mchukuzi ulinufaika pia. Kwa nini tusiende hivyo kwa mahindi, mchele na sukari, tena tushuke hadi kilo 25? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao uzito wake unaweza kumdhuru. Lakini hamali hana mwajiri. Hulipwa kwa gunia, na mwenye duka humwona kama mkokoteni wenye miguu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kabla ya magunia kupungua, kuna jambo ambalo mwenye duka anaweza kulifanya wiki hii. Ajenge jukwaa la kimo cha kiuno mlangoni, la mbao au la mawe, mchukuzi atue hapo badala ya kuinama hadi chini. Waliojenga Mji wa Kale walituachia mabaraza nje ya nyumba zao, na mpaka leo utaona muuza maji akitua mtungi barazani kwanza, anapumua, ndipo anaingia nao ndani. Anajua analofanya. Mama nyumbani naye awe na stuli imara au kiti cha jikoni cha kutulia mtungi. Ukibeba miwili, simama katikati yake na uitue kwa pamoja. Nasema haya kwa uchungu, kwani mgongo wangu mwenyewe haukuharibiwa na chuma bali na mtungi wa gesi wa kilo 13, ambao pamoja na chuma chake huzidi kilo 26. Niliuinua kwa adabu zote za kidaktari, kisha nikautua kwa mkono mmoja nyuma ya jiko huku nikijibu simu.

Ukiumia, usilale kitandani wiki nzima. Hayo yalikuwa mashauri ya zamani, na sasa tunajua yanachelewesha kupona. Pumzika siku moja au mbili ikibidi, kisha tembea, hata kama ni hadi Ngome ya Yesu na kurudi polepole. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache bila picha ya eksirei wala sindano. Ukipenda kukandwa, mkandaji akukande misuli, lakini asikukanyage mgongo wala kuuvunja-vunja.

Lakini ukiona ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila habari yako, au miguu yote miwili ikiishiwa nguvu, usingoje asubuhi wala usije kwangu. Nenda siku hiyo hiyo Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali nyingine kubwa yenye daktari wa upasuaji, kwani mishipa ya fahamu ikibanwa huko chini, kila saa inayopita inahesabika.

Yule karani wangu hakuwa na dalili hizo. Wiki ya sita alirudi akaniuliza kama anaweza kuanza tena. Nilimwambia aanze na chuma kitupu, ainue mara nane, na kila mara ahesabu kikishagusa sakafu.